Jiko Letu: Mbaazi Zinazokwenda India Zibaki na Nyumbani

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tunaulizwa mara nyingi, kliniki na hata baada ya vikao vya akina mama: mtu akirudi jioni amechoka, watoto wana njaa na daftari za shule zinasubiri, apike nini kitamu kisichochukua muda, ambacho si ugali na mchicha ule ule wa jana?

Jibu letu linatoka Asia, zaidi India na kidogo China. Msiogope. Chapati, bajia na kachumbari nazo zilitujia kupitia Wahindi, na leo hakuna anayeziita chakula cha kigeni. Mapishi ya mwezi huu hayahitaji duka la mjini. Mchele unatoka Magugu, mafuta ni ya alizeti zetu, na kitu kikubwa kuliko vyote, yaani mbaazi, kinaota shambani mwetu.

Kwa nini mbaazi?

Ukipita Gallapo, Bonga au Riroda baada ya mahindi kuvunwa, utaona mbaazi zimebaki shambani zikiendelea kukomaa. Zikikauka, wanunuzi wanafika, na sehemu kubwa inasafirishwa kwenda India. Wahindi wanakula mbaazi kuliko taifa lolote, na za kwetu hukomaa kabla ya mavuno yao, ndiyo maana wanazihitaji. Kule huzipaaza, huondoa maganda, na kuzipika mchuzi mzito wa manjano uitwao dal. Ni chakula cha kila siku cha tajiri na cha maskini.

Sisi tunaozilima tunafanyaje? Zikiwa mbichi tunachemsha na kufurahia. Zikikauka tunauza hadi punje ya mwisho. Ndugu zetu wa pwani wanazipika kwa nazi na kuzila asubuhi na mahamri, lakini huku kwetu mbaazi kavu imekuwa ni fedha tu, si chakula.

Na fedha hiyo haina uhakika. Wengi mnakumbuka mwaka 2017. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwao, tani 200,000 kwa mwaka kutoka nchi nyingi zikiwemo za kwetu, na bei hapa ikaporomoka. Mwaka 2021 India ililegeza tena masharti hayo. Katika kipindi kile tuliingia nyumba ambamo magunia ya mbaazi yamekaa kona bila mnunuzi, na hapo hapo watoto wanakula ugali na majani peke yake. Hatusemi ni uvivu wa mama. Mbaazi kavu nzima hukaa motoni muda mrefu, na kuni na mkaa ni ghali. Ndiyo maana tunataka kujifunza kwa Wahindi namna ya kuzipika upesi.

Faida yake mwilini

Katika kila gramu 100 za mbaazi kavu kuna takribani gramu 21 za protini, yaani zaidi ya mara mbili ya zile zilizomo katika mahindi. Tena, mahindi yana upungufu wa kijenzi kimoja cha protini ambacho mbaazi inacho kwa wingi. Vikiliwa pamoja vinasaidiana, na mtoto anajenga mwili vizuri hata siku ambazo nyama haipo. Mbaazi ina pia madini ya chuma, na vitamini iitwayo foleti ambayo mama mjamzito anaihitaji sana.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, chuma cha nafaka na mikunde huingia mwilini vizuri zaidi kikiliwa pamoja na limao, nyanya mbichi, chungwa au papai. Pili, chai huzuia chuma kisiingie. Wengi wetu hunywa chai pamoja na chakula cha usiku. Isogezeni mbele, walau saa moja baada ya kula.

Kazi ya Jumamosi: kupaaza

Siri ya kupika upesi siku za kazi ni maandalizi ya mwisho wa wiki. Chagua mbaazi, ondoa mawe, osha, kisha loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, zianike juani juu ya turubai safi kwa siku moja au mbili mpaka zikauke kabisa. Halafu zipitishe juu ya jiwe la kusagia kwa mkono mwepesi, usizigeuze unga. Zitapasuka vipande viwili na maganda yataachia. Pepeta kwa ungo, weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Mbaazi nzima hata ikilowekwa huchukua saa moja na zaidi kuiva. Iliyopaazwa huiva kwa nusu saa hadi dakika arobaini. Hapo umeokoa mkaa na umeokoa usingizi wako.

Tunawasihi msitie magadi ili ziive haraka. Magadi huharibu baadhi ya vitamini za kundi B, na mbaazi iliyopaazwa haiyahitaji.

1. Mchuzi wa mbaazi wa Kihindi (watu sita)

Mahitaji: mbaazi za kupaaza vikombe 2, maji vikombe 6, binzari manjano nusu kijiko cha chai, chumvi kijiko cha chai 1, kitunguu kikubwa 1, nyanya 3, vitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande kama kidole gumba, binzari nyembamba nzima kijiko cha chai 1, mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula, limao 1, majani ya giligilani ukipenda.

Namna ya kupika: Ukifika tu nyumbani osha mbaazi na uziloweke kwa maji ya vuguvugu huku ukiwasha moto na kubadili nguo. Mwaga maji hayo. Bandika mbaazi kwa maji mapya pamoja na manjano. Zikichemka ondoa povu, punguza moto, funika nusu. Zikilainika zipondeponde kwa mwiko, kisha tia chumvi.

Nyanya na limao visitangulie. Uchachu wake hufanya mbaazi zichelewe kulainika.

Sasa chukua kikaango kidogo, pasha mafuta, tia binzari nyembamba. Ikianza kupasuka na kutoa harufu, tia kitunguu kilichokatwa, kikigeuka rangi tia saumu na tangawizi zilizopondwa, halafu nyanya. Kaanga mpaka nyanya zilainike. Mimina vyote juu ya mbaazi, koroga, acha zichemke dakika tano. Ipua, kamulia limao, nyunyiza giligilani.

Kutia viungo mwishoni ndani ya mafuta ya moto ndiyo namna ya Wahindi, na ndiyo inayoleta ladha. Kula na ugali, wali au chapati. Wenye kupenda pilipili waiweke pembeni, isiingie sufuriani, ili watoto wale pia.

2. Wali wa choroko

Chakula hiki Wahindi wanakiita khichdi. Wanakipika nyumbani siku ya uchovu, na humpa mgonjwa, mzee na mtoto. Sufuria ni moja tu.

Mahitaji: mchele vikombe 1½, choroko kikombe 1, zilizolowekwa tangu asubuhi kabla ya kwenda kazini, maji vikombe 6, kitunguu 1, tangawizi kidogo, manjano nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, mchicha uliokatwa viganja 2, chumvi.

Namna ya kupika: Kaanga kitunguu na tangawizi, tia manjano, geuza mara moja. Tia choroko na maji, zichemke dakika ishirini. Ongeza mchele na chumvi, funika, moto uwe mdogo. Koroga mara chache, na maji yakipungua ongeza ya moto. Mchele ukiiva na kulegea kama bokoboko, tia mchicha, funika dakika tatu, ipua.

Mtoto aliyetimiza miezi sita unaweza kumtolea sehemu yake kabla ya kutia chumvi, ukaiponda laini sana, huku ukiendelea kumnyonyesha.

3. Wali wa kukaanga wa Kichina

Mahitaji: wali uliopikwa vikombe 5, mayai 3, karoti 2, kabichi robo, hoho 1, vitunguu maji 2, saumu na tangawizi, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi kidogo. Sosi ya soya ukiipata, kijiko kimoja cha chakula kinatosha, na chumvi uiache, kwa sababu sosi hiyo ina chumvi nyingi.

Namna ya kupika: Kata mboga zote nyembamba kabla hujawasha moto, kwa kuwa mapishi haya yanakwenda kasi. Pasha karai mpaka liwe la moto kweli. Tia mafuta kidogo, vuruga mayai, yakiiva yatoe pembeni. Tia mafuta yaliyobaki, kitunguu, saumu na tangawizi, kisha karoti, halafu hoho na kabichi. Geuza bila kuacha kwa dakika nne hivi, mboga zibaki na ugumu kidogo. Tia wali, geuza mpaka upate moto wote, rudisha mayai, ipua.

Hapa tunasema kama wauguzi: wali uliolala kwenye sufuria jikoni bila jokofu usiutumie. Kuna vijidudu vinavyokua katika wali uliokaa na uvuguvugu, na sumu yao haiondoki hata ukiukaanga upya. Watu hutapika na kuharisha, na lawama hupewa mayai. Kama huna jokofu, pika wali jioni hiyo hiyo, utandaze kwenye sinia upoe dakika kumi, halafu ukaange.

Kiasi cha kubakiza

Tumalizie na jambo ambalo haliko jikoni. Mapishi haya hayana maana kama mbaazi zote zimeshapanda lori. Basi tupige hesabu. Vikombe viwili vya mbaazi ni kama gramu 400. Familia ya watu sita ikipika mara mbili kwa wiki, inatumia gramu 800. Kwa wiki 52 ni kilo 42 hivi. Ukiongeza kidogo kwa ajili ya wageni na zile zitakazopotea wakati wa kupepeta, debe tatu zinatosha mwaka mzima. Debe tatu tu katika mavuno yote.

Mazungumzo haya yafanyike kabla ya mnunuzi kufika, si wakati mizani imeshaning'inizwa uani. Keti na baba watoto jioni moja, mweleze hesabu hii kwa upole, na ukiweza mpikie kwanza mchuzi wa namba moja. Kuna akina mama wanaotuambia, "Mume wangu atasema napunguza fedha ya ada." Mwambieni kwamba mboga nayo inanunuliwa kwa fedha. Debe zikiisha Septemba, Januari mtarudi dukani kununua maharage kwa bei ya duka, ada ikiwa inadaiwa mwezi huo huo. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza ili apate chakula cha dengu. Sisi tunataka kuuza chakula chenyewe, na kilichobaki mkononi hakifiki hata Krismasi.

Zile debe tatu zihifadhiwe vizuri, maana mbaazi huliwa sana na wadudu. Zikaushe mpaka ukiuma punje inapasuka kwa mlio. Tumia mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ufunge kila tabaka peke yake. Ndani ya mfuko huo hakuna haja ya dawa. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa ziwekwe mbali kabisa na jikoni, na zisioshwe ili ziliwe hata kama njaa imebana.

Anzeni na siku mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Watoto wakizizoea, watakukumbusha wenyewe kuloweka.

Mwezi ujao tutapika samaki wa Ziwa Babati kwa ukwaju na viungo. Kama nyumbani kwenu mna namna yenu ya kupika mbaazi kavu, tuandikieni tuwashirikishe na wenzetu. Tunawatakia mapishi mema.