Nakaha Nayo Ipewe Arobaini Yake

Mwanamke akijifungua katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna anayeuliza nani atamwangalia, kwa kuwa jambo hilo lilikwisha kuamuliwa tangu enzi za mabibi. Yuko mama mtu mzima atakayekuja kumkanda kwa maji moto, uko uji wa pilipili manga na supu ya kuku, yuko wa kufua na wa kupika, na mzazi mwenyewe hatarajiwi kushika ufagio mpaka arobaini yake itimie. Lakini mwanamke huyo huyo akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa tumbo, au babake akitolewa wadini baada ya kupigwa na kiharusi, utaratibu ule hatuuoni. Siku ya kwanza nyumba hujaa watu, dua husomwa, boksi za juisi na makopo ya glukosi hurundikwa mezani hata kama mgonjwa ana sukari. Wiki haijaisha, wote wamerudi kwenye shughuli zao, na mzigo umemwangukia mtu mmoja, aghalabu binti au mke wa mtoto, ambaye hakuna aliyemteua wala atakayempokea. Ninasema kwamba nakaha, yaani zile siku ambazo maradhi yameondoka na nguvu hazijarudi, inastahili kupangwa kama tunavyoipanga arobaini ya mzazi, kwa muda unaojulikana na watu wanaojulikana.

Wengi wetu tunaamini kwamba aliyeruhusiwa hospitalini amepona. Sivyo. Hospitali, iwe Hospitali Kuu ya Pwani au nyingine yoyote, humruhusu mgonjwa hatari inapopita, kwa kuwa kitanda kinangojewa na mwingine. Kupona kunabaki kuwa kazi ya nyumbani. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 juu ya wagonjwa wenye bima ya serikali ya Medicare, wengi wao wazee, ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila watano alirudishwa hospitalini kabla ya siku 30 kupita. Miaka minne baadaye daktari Harlan Krumholz akaeleza kwamba wengi wa wanaorudi hawarudishwi na maradhi yaliyowalaza mwanzo, bali na mengine, kwa sababu usingizi mbovu, chakula kidogo na kukaa kitandani vimewaacha dhaifu. Tena upo utafiti wa mwaka 2007 ambamo wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Basi mzee wa Kibokoni aliyelazwa wiki tatu na homa ya mapafu anarudi na miguu gani?

Na miguu hiyo ndiyo inayongojewa na ngazi zetu. Gari humfikisha Ndia Kuu, na mwenye nyumba ya ndani zaidi hubebwa kitini na vijana kupitia vichochoro. Kisha huanza ngazi zenyewe: wima, nyembamba, katikati ya kuta mbili, vidato virefu vilivyolika kwa nyayo, na mara nyingi pa kushika ni ukuta mtupu. Huko juu anakuta choo cha kuchutama. Hapa hapahitajiki udaktari. Panahitajika mtu wa kushusha kitanda chumba cha chini, na kama chini ni duka, basi kukisogeza karibu na choo. Wa kuleta kiti cha choo, kuweka taa ya usiku, kuondoa mkeka unaoteleza. Panahitajika daftari la saa za dawa na tarehe ya kurudi kliniki, mkono wa kumtembeza ukumbini asubuhi na jioni kwa kadiri daktari alivyoruhusu, na kwa asiyeweza kujigeuza, mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda. Tuache pia ile desturi ya kumwambia muuguzaji, "Ukihitaji kitu niambie." Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, anayemuuguza naye asiulizwe, apelekewe. Mshono, sindano na kubadilisha dawa tuwaachie wenye ujuzi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua kazi yao nchini kote Septemba 2023, wakiwa kama laki moja, wamepewa vifaa vya kupimia presha na sukari. Wa mtaa wenu aitwe.

Nitaambiwa kwamba kupangiana zamu ni ugeni, kwamba sisi tunauguzana kwa mapenzi na thawabu. Thawabu siikatai. Lakini mapenzi yasiyo na mpango humchosha mmoja na kuwaacha kumi wakijiona wamependa. Wala kupangiana si ugeni hapa kisiwani. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama vya ngoma ya lelemama vilivyokuwa na viongozi wenye vyeo, na wanachama waliosaidiana harusini na matangani. Mabibi zetu waliweza kupanga ngoma na matanga. Sisi tunashindwaje kupanga nani atalala na mgonjwa Jumanne?

Wengine watasema kumwangalia mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na kwamba kuwapunguza wageni ni kuzuia heri. Haki hiyo ni ya mgonjwa kabla ya kuwa yetu. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitenga sura nzima kuwaonya wageni wanaomchosha mgonjwa kwa matumaini matupu na ushauri usioombwa. Mwenye kukaa dakika kumi, akasalimu, akaomba dua, kisha akashuka na ndoo ya nguo za kufua, amemtembelea vizuri kuliko aliyekaa mpaka isha.

Hoja nzito kuliko hizi ni ya riziki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na serikali. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa mzazi likizo ya miezi mitatu, haimtengei siku hata moja anayemuuguza babake. Atakata katika siku zake 21 za mwaka au atakatwa mshahara. Wabunge wetu wa Pwani walibebe hilo. Wakati tunangoja, jamaa walioko Ghuba na Ulaya wajue kwamba pesa ya dawa peke yake haitoshi. Watume na ya kumlipa msaidizi, na msaidizi huyo apewe siku yake ya mapumziko kila wiki kama sheria inavyotaka. Asiye na jamaa wa mbali ana jirani, na ana msikiti.

Mwenye mgonjwa wadini hivi leo asingoje siku ya kuruhusiwa. Kaeni usiku huu, wanaume kwa wanawake, andikeni majina ya watu na siku zao hadi arobaini, na jina la kwanza lisiwe la yule binti ambaye amekuwa akilala hospitalini tangu mwanzo.