Kitunguu Saumu, Kuku Wawili na Msichana

MOSHI WA KIBATARI, na Mzee Kibatari

Shemeji yangu wa Arusha alinitumia ujumbe Jumatano akiorodhesha vitu atakavyovifuata huku kwetu Hanang Jumamosi. Kitunguu saumu cha Bashay, madebe mawili. Kuku wa kienyeji, wawili. Msichana wa kazi, mmoja. Kwa mpangilio huo huo. Kitunguu kilipewa maelezo marefu: kiwe kikavu, punje kubwa, kisiwe kimechanganywa na cha msimu uliopita. Kuku nao walielezwa mpaka rangi ya miguu. Msichana alipata mstari mmoja tu: "Awe mdogo mdogo, asiyejua mambo ya simu, ikiwezekana Mmbulu maana ni watulivu."

Nikamjibu kwamba kitunguu kipo.

Huo utulivu ndio ulionipandisha presha kabla ya mengine yote. Huko mjini kila anayeshuka kwenye basi lililotoka upande wetu ni Mmbulu, awe Mwiraqw, Mgorowa au Mbarbaig. Jirani yangu Mgorowa akiitwa Mmbulu hununa mpaka chai inapoa. Lakini hebu tuliache hilo la makabila, nitaletewa barua tena. Utulivu wenyewe ni wa mtoto wa miaka kumi na moja, katika nyumba ya watu asiowajua, jiji asilolijua, hana simu, hana nauli, hajui hata stendi iko upande gani. Mlitaka apige kelele ampigie nani? Kisha wenye nyumba wanakaa sebuleni na kusifiana: sisi wetu katoka Mbulu, mtulivu sana.

Jumamosi Shemeji akafika, gari limeoshwa, na mwilini kavaa fulana nyeupe yenye maandishi ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Ndugu zangu, sitanii. Walipewa kwenye maadhimisho, akasema, pamoja na soda. Nikamuuliza kama anajua tarehe 16 Juni ilitokana na nini. "Si sikukuu ya watoto?" Nikamweleza habari za wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakiandamana kuikataa elimu ya kibaguzi, na kwamba Afrika imekuwa ikiwakumbuka siku hiyo tangu mwaka 1991. Alinisikiliza huku akimbonyeza kuku kifuani.

Kumbe hakunitegemea mimi peke yangu kumpata msichana. Kuna mama mmoja wa stendi, Katesh, alikuwa ameshamwelekeza kwenye nyumba moja ya Jorodom. "Nisindikize, shemeji," akaniambia. "Wewe wanakuheshimu." Hapo nikaelewa kazi yangu: nilitakiwa niwe muhuri. Nikaenda, ila si kwa sababu aliyoifikiria yeye.

Jorodom mnaijua, hata ninyi wa mbali mliijua kwa wiki chache. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulipomwaga tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walikufa. Rais alikatisha safari yake ya Dubai, yakaja magodoro, unga, mablanketi na kamera za kila aina. Watoto wa hapa walihesabiwa na kuhesabiwa tena. Kila aliyekuwa na kipaza sauti alitaka kujua wamelala wapi na wamekula nini. Leo mtoto wa hapo hapo akipakiwa kwenye gari kwenda kusikojulikana, hakuna anayeuliza amelala wapi. Tope lina heshima zake. Gari lililooshwa halimshtui mtu.

Nyumba yenyewe ni ya mjane. Alitukaribisha vizuri, na mtoto akatuletea viti. "Shikamoo babu." Marahaba. "Uko darasa la ngapi?" La tano. Shemeji akaingilia, akimuuliza mama, si mtoto: "Anajua kupika wali?"

Nikasema huyu ni mwanafunzi.

"Atasoma huko huko."

Wasomaji wangu, kama kuna maneno matatu yaliyowapotezea shule watoto wengi wa Hanang na Mbulu, ni hayo. Kwa hiyo nikauliza: shule gani? "Shemeji, Arusha shule ziko nyingi." Taja moja. Akataja anayosoma mwanaye, ile yenye basi la njano na ada anayoililia kila Januari. Nikamuuliza kama na huyu atapanda basi hilo. Mama akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Shemeji akingoja jibu. Jibu halikuja.

Mshahara je? "Nitamtunzia." Mpaka lini? "Atakuwa kama mwanangu." Mwanao anaamka saa ngapi kufagia uwanja? Hapo akaanza kuniita "mzee" badala ya "shemeji", dalili kwamba tumefika mahali. Mimi sikuachia. Mkewe, ambaye ni dada yangu wa damu, ana mtoto mchanga. Mchanga akilia saa nane usiku, nani atakayeamka?

"Si ndiyo kazi yenyewe!"

Basi. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumnyang'anya shule. Inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Shemeji, kwa pumzi moja, alikuwa amevunja yote, tena akiwa na fulana ile mwilini.

Ndipo nikamtajia Profesa Philista Onyango.

"Profesa wa nini?" Wa sosholojia, Chuo Kikuu cha Nairobi. "Mkenya!" akasema, kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu.

Mkenya, ndiyo. Desemba 1982, wakati wengi wakimwona mtoto anayefanya kazi kuwa ni msaada kwa wazazi na basi, Nairobi ulifanyika mkutano wa kwanza wa kitaifa kuhusu kazi za watoto na afya zao. Yeye na mwenzake Diane Kayongo-Male ndio waliohariri kitabu cha mkutano ule. Mwaka 1983 akaandika makala kuhusu mama anayekwenda kazini na yaya anayeachiwa nyumba, na madhara yanayowapata watoto. Angalieni alipoanzia. Wengine huanzia Geneva kwenye hotuba. Yeye aliingia jikoni, mahali ambapo watu wa tabaka lake wana watu wao wa kazi. Ni rahisi sana profesa kusema juu ya watoto wa machimboni, maana huko hana shemeji. Kusema juu ya yaya ni kuwasema wenzako wa chumba cha walimu, na wake zao, na waume zao.

Hakuishia kwenye makaratasi. Mwaka 1986, Enugu, Nigeria, uliundwa mtandao wa Afrika wa kuzuia ukatili na utelekezaji wa watoto, ANPPCAN, ambao makao yake yako Nairobi, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeiongoza ofisi hiyo. Huo ni mwaka wa 1986, Shemeji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulikuwa haujapitishwa, ulikuja 1989. Mkataba wa Afrika ulikuja 1990. Kenya ilipata Sheria ya Mtoto 2001, sisi 2009. Msomi aliyeanza na swali la yaya na watoto anaoachiwa akatumia miaka mingi kuwalinda watoto, wakati angeweza kukaa zake chuoni akisahihisha mitihani na kugombania vyeo.

Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akatoa swali ambalo nakiri lilikuwa zuri, la kwanza tangu amwoe dada yangu: "Sasa huyo profesa, nguo alikuwa anafua mwenyewe?"

Nikamwambia: hakuna anayekukataza kuajiri. Ajiri mtu mzima, mwandikie mkataba, mlipe mkononi mwake, mpe siku ya kupumzika. "Wakubwa ni ghali," akasema. "Halafu wakubwa wana maneno."

Nawaomba mlisome tena hilo. Tunadanganyana kila siku kwamba chanzo ni umaskini wa huku kwetu. Umaskini unaeleza kwa nini mama anakubali. Hauelezi kwa nini Shemeji anaomba. Shemeji si maskini. Ana gari, ana televisheni ya ukutani kubwa kuliko dirisha langu. Anachotaka ni mtu asiye na maneno, na kwa bei ya soko mtu asiye na maneno ni mtoto. Chanzo ni hicho, na atakayeniletea semina ya siku tatu kuhusu vyanzo nitamrudishia nauli yake.

Na msiniambie ndani ya nyumba kuna usalama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ukatili huo unapenda palipo na mlango wa kufunga. Mwanza kuna Angela Benedicto, aliyewahi kuwa mtoto mfanyakazi wa ndani yeye mwenyewe, akaanzisha shirika la WoteSawa kuwatetea wenzake. Nendeni mkamwambie yeye kwamba watoto wa kazi wanatunzwa kama wana.

Yule mama wa Jorodom hakupiga meza wala hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba mtoto ana mitihani, labda shule zikifunga wataongea. Shemeji akasema atarudi. Akaondoka na kitunguu na kuku mmoja. Wa pili alikata kamba akaingia kwenye mahindi, na mimi sikuona sababu ya kumkimbiza.

Jioni, kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, ukatua ujumbe: kuna watu wanaziba riziki za maskini kwa wivu. Vidole gumba vikamiminika. Wengine walioweka vidole hivyo ni walimu. Mmoja ni mzee wa kanisa. Dada yangu hapokei simu zangu, na ninavyomjua, hatapokea mpaka Krismasi. Sawa. Nitakaa bila dada.

Sasa nazungumza na wenyeviti wa vitongoji, kuanzia Jorodom, Katesh, Gendabi mpaka Haydom na Dongobesh, maana Shemeji amesema atarudi na ana wenzake wengi. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke kwa serikali ya mahali pale. Serikali ya mahali pale ni ninyi, hata mkiwa shambani. Anayekuja kuchukua mtoto asiandikiwe barua ya utambulisho kwa sababu ana gari, au ni ndugu, au amevaa fulana nzuri. Mwombeni kitambulisho cha taifa mkinakili. Muulizeni jina la shule, kisha mpigieni mwalimu mkuu wa shule hiyo mkiwa mmesimama naye pale pale. Akianza kuwaita "wazee" kwa ukali, mjue mmefika mahali. Na wewe msomaji unayemwona mtoto kwenye basi la alfajiri na mtu mzima asiyejua hata jina lake la pili, piga 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, na haikati salio.