Ndege ya Kwanza kwa Mwanagenzi: Usianze na Spitfire

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nakubaliana nao katika mambo mengi, lakini si katika hili la leo. Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika simuleta ya ndege za kivita, ile ya kupigana na watu wengine mtandaoni, lazima alichague jembe lake vizuri. Lile la kwanza ndilo huamua kama atakuwa mkulima au atalikimbia shamba baada ya wiki mbili.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Mwaka jana kijana mmoja tunayefanya kazi pamoja aliniuliza, "Kaka, nianze na ndege gani?" Nikamjibu bila kufikiri, kama wanavyojibu karibu wote: Spitfire. Inapiga kona vizuri, haina visa, inasamehe makosa. Kijana akajibana miezi miwili akanunua joistiki. Kila jioni akawa anaingia. Siku ya kumi na tano akaniambia ameshaiuza. "Kila usiku naangushwa na mtu ambaye hata sikumwona, na nikimwona siwezi kumkimbia." Sikuwa na la kumwambia. Leo natoa jibu ambalo ningempa siku ile: chukua P-47 Thunderbolt.

Najua wakongwe mshaanza kucheka. Subirini kwanza.

Tunazungumzia nini hasa

Kwa wasioufahamu ulimwengu huu: simuleta si mchezo wa kubofya na kulipua tu. Programu inapiga hesabu za hewa juu ya bawa, uzito, joto la injini na njia ya kila risasi, mara nyingi ndani ya kila sekunde. IL-2 Sturmovik ilitoka 2001, na toleo lake la 1946, lililotoka 2006, linauzwa mpaka leo na linaendesha hata kwenye tarakilishi kuukuu. War Thunder ilifunguliwa kwa umma 2012 na kuingia ni bure. Zote mbili zimejaa ndege za Vita Vikuu vya Pili, na mwanagenzi akifungua orodha anaona majina mengi hadi kichwa kinauma. Hapo ndipo anauliza swali.

Spitfire inasamehe nini?

Tusiidharau Spitfire. Ilibuniwa na R. J. Mitchell, ikaruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na bawa lake lilisokotwa kidogo kuelekea nchani. Faida yake ni kwamba ukivuta usukani kupita kiasi, ndege inatetemeka kukuonya kabla bawa halijaacha kukubeba. Ndege nyingine hazikuonyi. Zinakugeuza ghafla na unaanza kuzunguka kama pia hadi ardhini. Kwa hiyo ni kweli, Spitfire inasamehe.

Lakini tuulize: inasamehe makosa gani? Inasamehe makosa ya mkono. Makosa ya kichwa inayaficha. Ukiingia vitani ukiwa chini, bila kasi, katikati ya maadui watatu, Spitfire itapiga kona nzuri na utajiona shujaa kwa sekunde arobaini. Yule wa nne aliye juu anashuka, anakumaliza. Unadhani umekosea namna ya kupiga kona. Kumbe kosa lilitendeka dakika tano nyuma, ulipoamua kwenda pale.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Kuna programu iliyoandikwa kumeza kila hitilafu kimyakimya. Inaendelea kufanya kazi, skrini haina jekundu hata moja, lakini majibu ni ya uongo. Utatafuta tatizo wiki nzima mahali ambapo halipo. Afadhali programu inayoanguka papo hapo na kukuonyesha mstari wenye kosa. Ndege ya kujifunzia nayo iwe hivyo.

Kimo ni akiba

Somo la kwanza la vita vya angani si kona, ni nishati. Kimo ni akiba yako benki, na kasi ni pesa iliyo mfukoni. Unaweza kugeuza moja kuwa nyingine wakati wowote. Chukua ndege inayokwenda kilomita 300 kwa saa, iangushe mita 1,000. Bila kuhesabu upinzani wa hewa, na bila msaada wowote wa injini, itafika chini ikiwa na kasi ya karibu kilomita 587 kwa saa. Hesabu hiyo ni ya fizikia ya sekondari, ifanye mwenyewe. Kila kona kali unayopiga ni kutoa pesa na kuitupa dirishani. Anayepiga kona sana anafilisika, halafu anabaki anaelea mbele ya bunduki za watu.

Ndege inayopiga kona vizuri inamshawishi mwanagenzi kutumia pesa ambazo hajaweka. Thunderbolt haikushawishi. Ukijaribu kupiga nayo kona tatu mfululizo inakuwa nzito kama lori la mchanga, na unaelewa hapo hapo kwamba umekosea. Huo ndio ule mstari wenye kosa niliousema.

Rubani wa kweli walilijua hili kabla yetu. Claire Chennault aliwakataza vijana wake wa P-40, waliopigana mara ya kwanza juu ya Kunming tarehe 20 Desemba 1941, wasithubutu kupiga kona na ndege za Kijapani. Shuka, piga, toka. Na Wamarekani walipoanza kurusha P-47 kutoka Uingereza 1943, walianza kufanikiwa walipoacha kushindana kwa kona na kutumia kile ambacho mashine hiyo ilikiweza: kushuka. Kikosi cha 56 kilibaki na Thunderbolt hadi mwisho wa vita, wakati vikosi vingine vya wapiganaji vya Jeshi la Nane la Anga vilihamia P-51. Gabreski wa kikosi hicho alimaliza akiwa na ushindi 28 wa angani, Johnson 27. Hao hawakuwa na ndege mbovu.

Sababu nne za kawaida

1. Risasi. Spitfire Mk IX ya kawaida ina mizinga miwili ya milimita 20, kila mmoja na risasi 120. Hiyo ni kama sekunde 12 za kufyatua. Mwanagenzi hukosa shabaha, na hapaswi kuona haya kwa hilo. P-47 ina bunduki rashasha nane, zenye risasi hadi 425 kila moja, yaani karibu nusu dakika. Unaweza kukosa, kujirekebisha, kukosa tena, na bado ukabaki na kitu.

2. Injini. Ya Spitfire inapozwa kwa maji. Risasi moja kwenye rejeta na safari imekwisha, ni suala la dakika tu. Ya P-47 ina silinda 18 na inapozwa kwa hewa, haina maji ya kumwagika. Tarehe 26 Juni 1943 Robert Johnson huyo huyo alifika Uingereza na Thunderbolt iliyotobolewa kila mahali, asiweze hata kufungua kioo aruke nje. Ndege ilimfikisha.

3. Kutua. Miguu ya magurudumu ya Spitfire imekaribiana, ya Bf 109 vivyo hivyo. Ukitua ovyo bawa linagusa ardhi. Ya P-47 imeachana, inakaa kama meza.

4. Mlango wa kutokea. Hii ndiyo kubwa. Ukiona mambo yameharibika na una kimo, unainamisha pua na unaondoka. Wachache watakufuata na kukufikia. Anayeweza kuondoka ataishi kujifunza kosa lake. Kijana wangu hakuwahi kupata nafasi hiyo.

Na sisi tulio mbali na seva

Kuna sababu ya tano, na hii inatuhusu sisi wa Kenya. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na safari ya kwenda na kurudi ilichukua si chini ya nusu sekunde. Kupigana angani kwa hali hiyo ilikuwa ndoto. Leo tuna afueni, ila seva nyingi bado ziko Ulaya na Marekani, na umbali hauna dawa.

Tuseme kuna ucheleweshaji wa milisekunde 200. Ndege yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa inasogea kama mita 28 katika muda huo. P-47 ina urefu wa mita 11. Maana yake unachokiona kinaweza kuwa zaidi ya ndege mbili nyuma ya ukweli. Programu hujaribu kuziba pengo kwa kubashiri: inachukua mwendo wa mwisho wa ndege na kuusogeza mbele. Kwa ndege inayokwenda moja kwa moja ubashiri huo ni mzuri sana. Kwa ndege inayojipinda huku na kule unakosea, na ndiyo maana unamwona adui akirukaruka kama panzi.

Sasa fikiria. Anayepigana kwa kona anapigana muda wote na panzi. Anayeshuka kutoka juu juu ya mtu asiyejua kama yupo, anapiga kitu kinachokwenda moja kwa moja. Kwa mtandao wetu, ni ipi ina akili zaidi?

Ubaya wake, nisiwafiche

P-47 ikiwa imepakiwa ina uzito wa zaidi ya tani sita, karibu mara mbili ya Spitfire Mk IX. Haipandi haraka. Utatumia dakika kumi na zaidi ukipanda huku wenzako wakirushiana risasi, na utachoka. Ukikutwa chini bila kasi, wewe ni mzigo. Na ukiinamisha pua kupita kiasi kutoka kimo kikubwa, usukani unagoma. Hapo punguza moto, usipaniki, subiri hewa nzito ya chini.

Pia kwenye War Thunder hupewi Thunderbolt siku ya kwanza. Unaanza na ndege za zamani na kupanda ngazi. Basi fuata ngazi ya Marekani inayoelekea huko, na ujizoeze tabia hizi hizi njiani.

Wapo watakaosema, "Mwache kwanza ajifunze kuruka na Spitfire, halafu ahame." Kwa kuruka tu, bila adui, sina ubishi. Rusha Spitfire peke yako Jumamosi nzima, ufurahie, ni ndege tamu. Lakini siku unayoingia kwenye seva yenye watu, tabia unayoanza nayo ndiyo itakayokukaa. Nimewaona watu wa miaka mitatu bado wanavuta usukani hadi tumboni kila wanapoona adui. Walifundishwa na ndege yao ya kwanza.

Mwezi wa kwanza

Fanya hivi tu:

1. Usijaze mafuta yote. Nusu inatosha kwa vita vya karibu, na ndege inakuwa nyepesi.
2. Panda ukiwa mbali na vita, hadi uwe juu ya wengine. Ukiwa hapo ndipo uelekee kwenye kelele.
3. Chagua asiyekuona. Anayegeuka kukutazama, mwache.
4. Shuka mara moja, piga ukiwa karibu, kama mita 250, halafu panda tena moja kwa moja. Usigeuke zaidi ya robo ya duara, hata kama umemkosa kwa inchi moja.
5. Rudi utue. Usihesabu ulioangusha, hesabu mara ulizotua salama. Ukifikisha kumi, karibu, wewe sasa ni rubani.

Kuna usiku utarudi hujaangusha mtu. Ni sawa kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda, kuzunguka, kutopenda nilichokiona chini, na kurudi nyumbani bila kufyatua risasi hata moja. Zamani ningeona nimepoteza jioni yangu. Siku hizi naona hiyo ni kazi iliyofanyika.

Juma lililopita nilimwita yule kijana kwangu, nikamkalisha mbele ya joistiki yangu nikamwambia, "Panda tu, usifanye kingine." Alilalamika njia nzima hadi mita 6,000. Kisha akaona chini kabisa kijidoti kimoja, kikizunguka kikitafuta mtu wa kupigana naye. Akashuka, akakikosa, akapanda tena. Hakuna aliyemfikia. Alipotua aliniuliza joistiki mpya ni shilingi ngapi siku hizi.

Kilichokuwa kikizunguka kule chini kilikuwa Spitfire.