Nyumba ya Goba na Bei ya Kutajwa

Barua imetufikia mwezi huu kutoka kwa kijana mmoja wa Dar es Salaam, nasi tumeona si vema kumjibu peke yake, maana jambo lililomshughulisha lawashughulisha wengi katika wasomaji wetu. Yeye na mkewe wamekaa Magomeni katika chumba cha kupanga miaka tisa, wakiweka akiba kidogo kidogo hata zimetimia shilingi milioni 81. Sasa wameona nyumba Goba, kule kwenye vilima vya pembezoni mwa mji: vyumba vitatu, ukumbi, jiko, na uwanja wa kuchezea watoto. Mwenye nyumba alifariki mwaka jana. Eda ya mjane imekwisha, na warithi wataka kuuza wagawane. Bei waliyoitaja ni milioni 95. Dalali asema yuko mnunuzi mwingine aliyekwisha fika 90, naye atarudi Jumamosi. Ami yake kijana, kwa upande wake, amemnong'oneza: "Taja 50, kisha nyamaza. Mjane ana shida, atakubali tu." Kijana atuuliza, nitaje ngapi?

Ndugu yetu, dalali akutazamisha khofu yako, na ami akutazamisha shida ya mwenzio. Tafadhali waache wote wawili kwa muda, ukaitazame nyumba.

Waandika kwamba umekwisha ulizia majirani, nalo ni jambo la busara kuliko yote uliyoyafanya. Nyumba mbili za mtaa ule zimeuzwa karibuni. Moja kwa milioni 80, nayo ina maji ya bomba na paa zima, nyingine kwa 74. Basi hiyo ndiyo bei ya Goba katika mtaa huo, si 95. Nyumba yako yafanana na ile ya kwanza kwa ukubwa, lakini bati zavuja, na nyuma yake liko korongo ambalo kila masika hula udongo. Fundi amekuambia kwamba paa na ukuta wa kuzuia udongo vitakula milioni 7. Tena nyumba haina hati. Iko karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu, na upimaji pamoja na hati waukadiria milioni 3. Toa 10 katika 80, wapata 70. Hesabu hii yaweza kufanywa na mke na mume juu ya mkeka baada ya chakula cha usiku, wala haimtaki mtaalamu, ingawa mthamini aliyesajiliwa akipatikana, ujira wake si pesa iliyopotea.

Hesabu ya pili ni ya mfuko wako. Mkeo ni mja mzito, na mmekubaliana milioni 6 zisiguswe. Mwafanya vema. Zabaki 75. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya bei, wakili ataka haki yake, na kuhama kwenyewe kuna gharama, weka 3. Basi mwisho wako ni 72. Shemeji yako ashauri ukakope 15 kwa riba ili ufikie bei ya dalali. Hilo hatuna haja ya kulieleza katika gazeti hili. Zipo njia nyingine, kama murabaha ya Amana Bank, iliyoanza kazi mwaka 2011. Walakini hata huko, yapasa uulize jumla utakayoilipa hata mwisho, kisha uilinganishe na ile 70 ya nyumba. Deni la halali nalo ni deni.

Ama huyo mnunuzi wa Jumamosi, huenda yupo kweli. Huenda pia hayupo. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili amghuri mwingine, jambo ambalo wanazuoni waliita najshi, na wanunuzi wa uongo waliosimamishwa na madalali wameingia humo bila shaka. Ujira wa dalali huhesabiwa kwa bei. Bei ikipanda, naye hupanda. Kama yupo mtu wa 90, mwachie, apewe. Sisi wenyewe tuliwahi kukimbizwa namna hiyo tukanunua kiwanja kwa siku mbili. Masika yalipofika tukajua kwa nini muuzaji alikuwa na haraka.

Sasa twaja kwa ami, na hapa twaomba radhi ya wazee kwa maneno tutakayoyasema. Warithi wa nyumba hii ni mjane, wana wawili wa kiume, na binti mmoja. Nyumba ikiuzwa kwa 72, na madeni ya marehemu yakiwa yamekwisha lipwa, mjane apata thumni yake, yaani milioni 9. Binti apata 12.6, na kila mwana 25.2. Ikiuzwa kwa 50, fungu la mjane ni milioni 6 na robo. Kwa hiyo zile 22 ambazo ami ataka uziokoe hazitoki kwa mtu mmoja tajiri aitwaye "mwenye nyumba". Karibu milioni 3 zatoka katika mkono wa mwanamke ambaye hatakuwa tena na paa lake, na nyingine karibu 4 katika mkono wa binti yake. Mtume alipotaka uwanja wa kujenga msikiti Madina, nao ulikuwa wa mayatima wawili, walitaka kumpa bure. Hakukubali illa kwa kuwalipa thamani yake.

Je, ina maana usipatane? La, kupatana ni halali, na hukulazimishwa kumfunulia muuzaji kina cha mfuko wako. Anza na 68, mpe karatasi yenye hesabu ya fundi na ya hati, azione sababu zako kwa macho yake. Usiseme "sina zaidi ya hizi", kwa maana unazo. Sema, "Nyumba, kwa hali yake, naiona ni hivi." Wakisema 75, panda pole pole mpaka 72, hapo usimame, uwape mkono wa kwaheri kwa adabu. Waachie namba yako ya simu.

Lakini kabla ya kutaja hata hiyo 68, iombe barua ya mahakama iliyomteua msimamizi wa mirathi, na idhini ya warithi wote kwa maandishi, pamoja na yule mwana aliye Maskati. Uende pia ofisi ya ardhi ya manispaa, ukaulize kama kiwanja hakimo katika hifadhi ya barabara wala ya bonde. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya barabara ya Morogoro, toka Kimara hata Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu hiyo, na hapana bei ndogo iliyoweza kuwafaa wenyewe siku ile. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji. Wakitaka uibebe wewe, itoe katika bei. Ukitoa arubuni, iandikwe kwamba yarudi yote endapo karatasi hazitatimia.

Kijana ameuliza pia kama amchukue mkewe siku ya mapatano. Amchukue. Nusu ya akiba hiyo, kwa maneno ya barua yake mwenyewe, ni ya maandazi aliyoyakaanga mkewe kila alfajiri kwa miaka tisa.