Tarakilishi kongwe zisifanywe mapambo

Wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wasia huo watufaa zama hizi ambapo mwanafunzi hubeba mfukoni simu inayopiga hesabu kwa kasi kuliko mitambo iliyokuwa fahari ya mataifa makubwa, asijue asili yake.

Katika mji wa Mountain View, California, nchini Marekani, yapo makavazi ya historia ya tarakilishi. Humo zimehifadhiwa CDC 6600 ya mwaka wa 1964 na Cray-1 ya mwaka wa 1976, zote kazi ya mhandisi Seymour Cray. Kila moja ilikuwa tarakilishi kuu, yaani mashine iliyozishinda nyingine zote za wakati wake kwa kasi.

Wapo watakaouliza: ikiwa kasi hiyo imekwisha kupitwa, vyuma hivyo vyahifadhiwa kwa faida gani? Jibu langu ni kwamba kasi si hoja. Sifa ya kasi hupokonywa upesi. Fikira iliyoizaa ndiyo hudumu, na ndiyo ipasayo kuonyeshwa.

Mathalan, nguzo 12 za Cray-1 zimepangwa mfano wa duara lililoachwa wazi upande mmoja. Kwa nini? Mwalimu wa fizikia na aulize swali hilo darasani. Pigo moja la saa ya mashine hiyo lilichukua nanosekunde 12.5. Kwa muda huo hata nuru haifiki mita 4, na ishara ya umeme ndani ya waya huenda polepole zaidi. Basi nguzo zilikusanywa pamoja ili pasiwe na waya unaozidi takriban mita 1.2. Kubanana huko kulizidisha joto, ikalazimu freoni ipitishwe mabombani kulipoza. Hapo mwanafunzi hung'amua kwamba umbo lile halikuwa pambo, bali lilikuwa jawabu.

Lipo na swali la pili: mashine hizo zilimtumikia nani? Cray-1 ya kwanza ilipelekwa Los Alamos, maabara iliyobuni bomu la atomiki. Mnamo 1978 nyingine iliwekwa nchini Uingereza, katika kituo cha Ulaya cha kutabiri hali ya hewa. Chombo ni kile kile. Huku kilihudumia silaha, huku mvua na tufani. Makavazi yakinyamazia upande mmoja, yatakuwa yamesimulia nusu ya kisa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu tusiridhike na kukaririsha miaka na majina. Tuwazoeze vijana kuuliza kila chombo kilizaliwa na haja gani, kilikabili kizuizi gani, na nani alinufaika. Asiyeuliza hayo atanunua vyombo vya wengine maisha yake yote, wala hatabuni chake.