Siku ya kungoja wingu isikatwe ku mshahara

Tunakumbuka tarehe 8 Julai 2011: Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka Bangboka, Kisangani, ikitaka kutua katika mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa.

Lakini mvua si hatari moja tu. Piloti wa ndege ndogo anayeruka kwa macho anapaswa kukaa mbali na wingu: metre 1500 pembeni, metre 300 juu ao chini. Juu ya nini? Ndani ya wingu ndege ingine inaweza kuwa inashuka kwa vyombo. Ikitoka ghafula, hakuna tena wakati wa kuepukana.

Njo maana sisi wa sindika tunaomba matajiri vitu viwili: wasimsukume piloti anayesema "tungoje", na siku hiyo tulipwe.