VPN: Pazia Hili Amelishika Nani?



Wapenzi wasomaji, juma hili tunawajibu akina mama wa Kisii na Nyamira waliotuuliza juu ya kitu kiitwacho VPN. Vijana wao wameitia katika simu za nyumbani, na wanasema kuwa ukishaiwasha hakuna tena awezaye kuyaona uyafanyayo mtandaoni. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ipi ichaguliwe miongoni mwa nyingi zilizopo?

Swali hili ni zito. Mama aliye mjini Kisii, au Keroka pale mpakani mwa kaunti hizo mbili, hatumii kila mara intaneti aliyoinunua mwenyewe. Mara huunganisha simu na waifai ya hoteli, mara ya chuo, mara ya jirani mwenye duka. Kwa njia hiyo huuliza juu ya maradhi ya mwanawe, hutuma picha za arusi zilizopigwa upande wa wanawake, na huzungumza na binti yake aliyekwenda kufanya kazi Ghuba. Hayo yote ni sitara ya nyumba. Dini yetu imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na imetukataza kupeleleza. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika kifungu cha 31, imeihesabu faragha ya mawasiliano kuwa ni haki ya kila mtu.

Tuanze na namna VPN ifanyavyo kazi. Unapofungua ukurasa wowote kwa simu, ombi lako hupita kwa mwenye waifai, kisha kwa kampuni ya intaneti, ndipo likafika linakokwenda. Wawili hao waweza kujua umetembelea tovuti gani. Yaliyomo ndani aghalabu hawayaoni, kwa sababu tovuti ambazo anwani zake huanza na https huyafunga kwa fumbo, na ujumbe wa WhatsApp hufungwa tangu simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, iwepo VPN au isiwepo. Kwa hivyo hofu isizidi kiasi.

VPN huongeza pazia juu ya hayo. Simu hukifunga kila kitu na kukipeleka kwanza kwenye kompyuta ya kampuni ya VPN, ambayo yaweza kuwa Nairobi au Uholanzi. Huko hufunguliwa kifungo cha VPN, na ombi huendelea na safari yake. Mwenye waifai huona furushi lililofungwa linalokwenda kwa kampuni ya VPN, basi. Nayo tovuti huiona anwani ya kampuni hiyo, haioni anwani yako.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Siri haikutoweka, imehama mikononi. Yale ambayo mwenye hoteli angeyajua, sasa aweza kuyajua mwenye VPN. Umemwondolea mmoja amana na kumkabidhi mwingine, ambaye pengine hujui jina lake wala nchi yake. Kuchagua VPN, basi, ni kumchagua mtu wa kuaminiwa, na mwenye kuaminiwa huulizwa maswali kabla ya kupewa amana.

Mfano upo. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure iliyotangazwa kuwa ni ya kuwalinda watu. Kumbe kwa kupitia pazia hilo hilo kampuni ilikuwa ikiangalia watu wanatumia programu gani nyingine, ipate kuwajua washindani wake. Mwaka 2018 Apple iliitaka iondolewe katika duka lake la programu, na mwaka uliofuata ikafungwa. Julai 2023 mahakama ya Australia iliziamuru kampuni mbili zilizohusika kulipa jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Aliyeahidi kulinda ndiye aliyekuwa akichungulia.

Kwa hivyo, kabla ya kuitia VPN katika simu, tunanasihi yaulizwe haya.

Kwanza, mwenyewe ni nani, na yuko nchi gani? Kampuni isiyotaja jina wala makao yake haifai kukabidhiwa siri za aila.

Pili, anakula wapi? Kuendesha kompyuta hizo kuna gharama. Asiyekutoza chochote wala hana wateja wengine wanaolipa, huenda anayauza yale anayoyajua juu yako. Si kila cha bure ni kibaya: Proton VPN ya Uswisi ina huduma ya bure inayobebwa na wale wanaolipa. Mullvad ya Uswidi hutoza yuro 5 kwa mwezi, wala haiulizi jina wala barua pepe.

Tatu, anaweka kumbukumbu za matumizi yako? Wengi husema hawaweki. Ahadi peke yake haitoshi. Tafuta kama wakaguzi wa nje wamemkagua na taarifa yao ikachapishwa. Aprili 2023 polisi wa Uswidi waliingia ofisi za Mullvad mjini Gothenburg na hati ya upekuzi wakitafuta habari za wateja. Wakaondoka mikono mitupu, kwani zilizotafutwa hazikuwapo.

Nne, programu yenyewe inaomba ruhusa gani? VPN haina haja ya picha zako, majina ya watu uliowahifadhi wala ujumbe wako mfupi. Ikiyaomba hayo, iache.

Tano, je, inakata intaneti pale pazia linapoanguka ghafla, ili usibaki wazi bila kujua? Na inatumia njia za kufunga zinazoaminika, kama WireGuard au OpenVPN? Hayo hutajwa katika maelezo yake. Kijana wa nyumbani aweza kukusomea.

Ikiwa yote yamepatikana, bado VPN haiwezi kukulinda na lile ulilolitoa kwa mkono wako. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya aliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na nambari za watu walizozipata kwa wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. VPN haiizuii programu ya mkopo kusoma nambari za jamaa zako ikiwa umeipa ruhusa. Haimzuii tapeli uliyempa nambari ya siri kwa simu. Wala haiirudishi picha iliyokwisha kutumwa katika kundi.

Liko pia jambo la sheria. Nchini Kenya hakuna sheria inayokataza kutumia VPN. Lakini mwenye binti Dubai au Abu Dhabi amtahadharishe. Huko simu za WhatsApp huzuiwa, na anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha aweza kutozwa dirhamu 500,000 hadi 2,000,000. Azungumze na mama yake kwa programu zilizoruhusiwa, kama BOTIM. Na wanaokwenda Tanzania wajue kuwa Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili.

Mwisho, wazazi wawatazame vijana. Novemba 2024, Telegram ilipozuiwa wakati wa mtihani wa KCSE ili kukomesha wizi wa mitihani, VPN ndiyo iliyokuwa mlango wa kando. Njia hiyo hiyo yaweza kuvuka vizuizi ambavyo mzazi ameviweka nyumbani. Mama akiikuta katika simu ya mwanawe asianze na ukali. Akae naye, amuulize ameitia kwa haja gani na mwenyewe ni nani. Kijana akishindwa kujibu swali la pili, watakuwa wamelijua pamoja jambo la kwanza la kurekebisha.

Kwa akina mama wa Kisii na Nyamira, basi, jawabu letu ni hili: VPN nzuri hukufaa unapokuwa kwenye waifai ya watu, kwa sharti umjue aliyelishika pazia. Ile msiyoijua mwenyewe, itoeni leo katika simu zenu.

Wabillahi tawfiq.